Pishi ya Maji Yasiyoonekana

Mwezi wa Ramadhani unapoagana na watu, kila Mwislamu mwenye ziada ya chakula cha siku hiyo hutoa fitri, na huitoa kwa kipimo: pishi moja kwa kila mtu wa nyumba yake, yaani vibaba vinne, kabla watu hawajasali sala ya Idi. Hakuna anayechota mchele kwa kukisia akasema Mungu anaijua nia yangu. Zaka nayo haitoki mpaka mali ihesabiwe na kufikia nisabu. Hata maji ya kutawadha yana kiasi chake. Imepokewa kuwa Mtume alitawadha kwa maji ya kibaba kimoja na kuoga josho kwa pishi, na kwamba israfu ya maji inakatazwa hata kwa aliye ukingoni mwa mto. Basi inashangaza kwamba sadaka ya kisima, ambayo athari zake ni kubwa kuliko za sadaka nyingi, ndiyo inayotolewa mara kwa mara bila kipimo chochote. Mfadhili aliye Muscat, Istanbul, Birmingham au Dar es Salaam anatuma pesa, fundi anafika na mtambo, ardhi inatobolewa, maji yanaruka, watu wanashukuru kwa takbira au kwa nyimbo, picha inapigwa, na kibao chenye jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu kinajengewa kwenye zege. Chini ya kibao hicho kuna maji kiasi gani, yanatoka wapi, yanarudishwa na mvua ipi, yatawatosha watu wangapi na kwa miaka mingapi? Aghalabu maswali hayo hayakuulizwa.

Ninachodai ni kwamba sadaka ya namna hiyo haijatimia, na kilichopungua ndani yake ni sehemu ya ibada yenyewe, wala si pambo la kitaalamu linaloweza kuachwa pesa zikiwa haba. Sababu iko katika swali la umiliki. Wakfu unadai mtoaji atoe kilicho chake, kinachojulikana, na kinachoweza kudumu. Uthman bin Affan aliponunua kisima cha Ruma kule Madina na kukitoa kwa Waislamu, alinunua kitu ambacho watu walikuwa wakikitumia tayari na mwenendo wake ulikwisha kuonekana. Mfadhili wa leo anatoa nini hasa? Anatoa tundu, bomba, pampu na zege. Maji si yake. Mafundisho ya Kiislamu yanawahesabu watu kuwa washirika katika vitu vitatu, na cha kwanza kutajwa mara nyingi ni maji, pamoja na malisho na moto. Sheria za nchi zinasema jambo hilohilo kwa lugha yake: Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayaweka maji yote chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi; Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inayaweka kwa serikali ya taifa ikiyashika kwa amana ya watu. Kwa hiyo mwenye kuchimba kisima ni mtu anayefungua ghala la watu wengine na kugawa kilichomo kwa jina la mama yake. Kufungua huko kunaweza kuwa jambo jema sana. Ila anayefungua ghala la watu ana deni la kujua, kabla ya kugawa, lina magunia mangapi, nani mwingine anakula humo, na msimu ujao litajazwa na nini.

Tuone deni hilo linavyolipwa, maana watu hulidhania kuwa ni elimu ya siri ya mainjinia. Chukua kijiji cha watu 2,500 katika Tanzania ya kati. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400 na nyumbani kwake, na kila kituo kisizidi watu 250. Lita 25 mara watu 2,500 ni lita 62,500 kwa siku, karibu milioni 23 kwa mwaka. Kijiji kikiwa na ng'ombe 1,000, na kila mmoja akanywa lita 35, ongeza lita 35,000 kwa siku. Jumla inakaribia lita milioni 36 kwa mwaka. Sasa tazama upande wa mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo mvua ya milimita 600, juu ya kidakio, yaani eneo linalokusanya mvua, cha kilomita moja ya mraba, ni lita milioni 600. Mtu akiishia hapo atasema kijiji kimelala juu ya bahari. Lakini jua linanyanyua sehemu kubwa ya maji hayo siku zilezile, mihogo na mibuyu inakunywa sehemu yake, na mafuriko yanakimbilia makorongoni. Tuseme, kwa mfano, yanayopenya mpaka mwambani ni mbili katika mia. Yamebaki lita milioni 12. Kijiji kile sasa kinahitaji kidakio cha kilomita tatu za mraba kwa ajili yake peke yake, na hapo hatujaacha tone kwa chemchemi ya bondeni, kwa miti ya kando ya mto, wala kwa kijiji kilicho chini yake ambacho nacho kinatarajia mfadhili. Hizo mbili katika mia ni za mfano tu. Mahali pengine ni nusu, pengine ni tano, na tofauti hiyo ndogo ya namba ndiyo tofauti kati ya kijiji kinachoishi na kijiji kinachohama. Maji ya kifuu bahari ya chungu, wahenga walisema, na ni kweli kwa yeyote anayeyatazama yanaporuka kutoka kwenye bomba jipya bila kuujua ukubwa wa kifuu.

Na kifuu chenyewe kimevunjika vipande. Sehemu kubwa ya katikati ya Tanzania imekaa juu ya mwamba wa kale wa itale, ambao hauna matundu ya kushika maji kama mchanga. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana visima viwili vinaweza kuchimbwa hatua mia moja kutoka kimoja hadi kingine, kimoja kikajaa na cha pili kikatoa vumbi. Wataalamu hupitisha umeme ardhini na kupima jinsi miamba inavyoupinga, wakakisia ufa uko wapi. Kisha, kisima kikichimbwa, husukuma maji kwa saa nyingi mfululizo huku wakipima yanavyoshuka, na pampu ikizimwa hupima yanavyopanda tena. Kipimo hiki cha mwisho kwangu ndicho chenye uzito mkubwa wa kimaadili, maana kinauliza kile ambacho mwenye kiu hapendi kukiuliza: baada ya kutoa, kisima kinarudi haraka kiasi gani? Ni swali ambalo mtu mwema angemwuliza hata mja mwenzake anayemfanyia kazi.

Wingi pia hautoshi. Kandokando ya Mlima Meru na sehemu za Kilimanjaro, maji yaliyo safi kwa macho, matamu kwa ulimi, yamebeba floraidi iliyotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiasi kinachozidi hapo, kwa kuwa kupata maji mengine kulikuwa kugumu mno. Mtoto anayekulia juu ya maji hayo huota meno ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi mifupa hukakamaa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, kazi ya heshima, lakini kila ndoo inayochujwa huko inatukumbusha kwamba chupa moja ya maji iliyopelekwa maabara kabla ya bomba kuwekwa ingeweza kubadili mahali pa kuchimba. Kenya nayo ina somo lake. Mwezi wa Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba kumegunduliwa maji mengi sana chini ya Turkana, katika eneo la Lotikipi na jirani na Lodwar. Zilitajwa mita za ujazo bilioni 250. Dunia nzima ikafurahi, na nani asingefurahi, Turkana ikiwa ni Turkana? Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi kiasi kwamba hayanyweki bila kusafishwa. Hakukuwa na ubaya katika kutafuta. Ubaya ulikuwa katika habari njema kuutangulia ushahidi wake, na watu waliokuwa na kiu wakapewa tumaini ambalo hakuna aliyekuwa amelionja.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mcha Mungu, nami naliheshimu. Atasema: riziki ina Mwenyewe, maji huletwa na Mungu na huondolewa na Mungu, kuhesabu lita ni dalili ya kukosa tawakali. Namjibu kutoka msikitini kwake. Katika Sura ya Waumini, Qurani inaeleza kwamba maji hushushwa kutoka mbinguni kwa kadiri maalumu, kisha hukalishwa ardhini, na kwamba aliyeyakalisha ana uwezo wa kuyaondoa. Sura ya Ufalme inaishia kwa kuuliza nani atawaletea watu maji ya chemchemi iwapo maji yao yatadidimia. Sijui andiko jingine linaloielezea elimu ya maji chini ya ardhi kwa maneno machache kuliko hayo: kuna kiasi, kuna mahali pa kukaa, kuna uwezekano wa kutoweka. Ikiwa Mwenyewe ameyateremsha kwa kadiri, kuitafuta kadiri hiyo ni kuisoma kazi yake; kuipuuza ni kujifanya kwamba alimwaga ovyo. Na tawakali ya yule bedui aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwachie Mungu ilianzia kwenye kumfunga kamba. Waislamu walilielewa hili mapema. Kisiwani Roda, mjini Cairo, nguzo ya kupimia Mto Nile ilisimamishwa mwaka 861, ikachongwa dhiraa na vidole, na kimo cha mto kilichosomwa pale ndicho kilichoamua mwaka huo wakulima watozwe kodi kiasi gani: maji yakiwa haba, kodi inapungua. Kipimo kilikuwa ngao ya mkulima. Mkristo naye ana mfano katika Injili ya Luka, wa mtu anayetaka kujenga mnara na ambaye hana budi kukaa kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Kisima ni mnara uliojengwa kwenda chini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalipita kwa haraka. Kiu haingoji. Wakati mtaalamu anatandaza nyaya zake, kuna mama anatembea saa mbili kufuata maji ya dimbwi analoshiriki na mbuzi, na kuna mtoto anaharisha. Pesa ya utafiti ingeweza kununua mabomba. Nani ana haki ya kuwaambia watu hao wasubiri takwimu? Nakubali kwamba ipo dharura ambayo haina mjadala: kipindupindu kimeingia, wakimbizi wamevuka mpaka, mto umekauka ghafla. Hapo maji yaletwe kwa gari, kisima kichimbwe penye dalili nzuri, na upimaji uende sambamba na unywaji. Lakini visima vingi vya sadaka si vya dharura ya namna hiyo. Vinapangwa miezi kadhaa, fedha zake zinachangishwa kwa utulivu, na muda unaotumika kuchagua maneno ya kibao ungetosha kuipima chemchemi ya kijiji kwa ndoo na saa mwishoni mwa kiangazi. Tena tutazame nani hulipa kosa likitokea. Mfadhili hupoteza pesa mara moja. Kijiji hupoteza zaidi: watu wamekwisha kuacha njia ya kisima cha zamani, kamati imekwisha kuchangisha, vijana wamejenga nyumba karibu na bomba, wafugaji wamehamishia mifugo huko. Siku bomba linapotoa upepo, wanarudi kwenye dimbwi wakiwa wengi kuliko walivyoliacha. Ukaguzi wa vituo vya maji vijijini uliofanyika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta karibu vinne katika kila kumi havitoi maji. Mwenye pingamizi atasema, kwa haki, kwamba vingi vilikufa kwa kukosa vipuri, kwa michango kuliwa, kwa fundi kuwa mbali, wala maji ya chini hayakuwa na kosa. Ni kweli. Lakini sababu hizo hazikai mbalimbali kama zinavyoandikwa kwenye fomu. Maji yakishuka chini ya kina ambacho pampu ya mkono imekusudiwa, pampu huvuta kwa shida na kuharibika upesi. Ikiharibika upesi, michango huisha. Michango ikiisha, watu huacha kuamini kamati. Anayekuja kukagua anaandika «pampu mbovu» na kuondoka.

Tena Tanzania si nchi iliyokosa kujaribu. Mwaka 1971 ilianzishwa programu ya miaka 20 ya kuwafikishia maji watu wote wa vijijini, na katika miongo ya 1970 na 1980 ikaandaliwa mipango mikuu ya maji mkoa kwa mkoa: Wafini wakashiriki Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Wadenmaki Iringa, Mbeya na Ruvuma. Vidakio vilipimwa, mito ikapimwa, visima vikaorodheshwa. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali sana. Kuna wanaosema hiyo ndiyo hukumu ya upimaji: makabati yalijaa ripoti, ndoo zikabaki tupu. Mimi naisoma historia hiyo kwa namna nyingine. Kilichoshindwa kilikuwa uendeshaji, mafuta ya dizeli, na dhana ya kwamba serikali itatoa kila kitu milele. Ripoti zenyewe zilikuwa amana iliyotunzwa vibaya, na anayechimba leo katika mikoa hiyo bila kutafuta kilichokwisha kuandikwa anapoteza jasho la watu waliomtangulia.

Wengine watauliza: kwani wazee hawajui maji yalipo? Wanajua, na elimu yao ni ushahidi wa daraja la juu. Mkuyu uliosimama kijani wakati vyote vimekauka ni hati iliyoandikwa na maji yenyewe. Mzee anayekumbuka kisima kipi kilibaki na maji mwaka wa njaa ametoa takwimu ambayo hakuna mtambo unaoweza kuirudia. Upareni watu walijenga ndiva za kukinga maji usiku wayatumie mchana. Uchagani walichimba mifongo inayozunguka mlima na kuwekeana zamu. Wasonjo waliwapa wazee wao mamlaka ya kugawa maji kama watu wengine wanavyowapa makuhani madhabahu. Katika jamii nyingi msitu wa chanzo ulikuwa mahali pa tambiko na hapakukatwa mti. Mtu anaweza kutoiamini mizimu na bado akakubali kwamba katazo lile lilikilinda kidakio kuliko kanuni nyingi zilizogongwa muhuri. Lakini elimu hiyo ilikua pamoja na kamba, kata na idadi ndogo ya watu. Haikuwahi kukutana na pampu ya sola inayovuta mchana kutwa bila kuchoka, wala haiwezi kuionja floraidi. Hata mababu wenye maarifa makubwa walipitwa na maji: kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, wachimbuaji waliona dalili kwamba kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kiliongezwa kina, na kushuka kwa maji kumetajwa miongoni mwa sababu zinazodhaniwa kuuhamisha mji ule wa mawe. Basi mtafiti aanze na wazee, akae nao, kisha apime. Anayeanza na mtambo amewadharau. Anayeishia kwa wazee amewatwisha mzigo ambao hawakuuomba.

Linalonisumbua mimi mwenyewe kuliko hayo yote ni pingamizi la mwanafalsafa: namba zenu hazina uhakika. Kaskazini ya Dodoma kuna bonde la Makutupora, ambalo visima vyake vimeubeba mji huo kwa miongo mingi, na ambako kina cha maji kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha walichokisoma katika kumbukumbu ya miaka 55 ya bonde hilo. Maji hayakuwa yakijazwa kidogokidogo kila masika, kama watu wanavyodhani. Yalishuka mwaka baada ya mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98, ukayapandisha kwa ghafla. Halafu mteremko ukaanza tena. Kwa hiyo aliyepima muda mfupi baada ya mvua ile angeandika neema, na aliyepima miaka mingi baada ya msimu kama huo angeandika ukame, na wote wawili wangekuwa wakweli kwa siku yao. Je, hilo halibomoi hoja yangu? Linaibomoa ile sehemu yake inayodhani kupima ni tendo la siku moja, na iache ibomoke. Yusufu kule Misri, ambaye Biblia na Qurani zote zinamsimulia, hakufarijiwa na shibe ya mwaka wa kwanza. Alihesabu miaka saba ya neema akiwa na miaka saba ya dhiki moyoni, na ghala zake zilikuwa hesabu hiyo iliyojengwa kwa udongo. Kutojua kwetu mvua kubwa itarudi lini ndiyo sababu ya kuandika kina cha maji kila mwezi, na ndiyo sababu ya mtaalamu mwaminifu kutoa kadirio lenye upana: kisima hiki kitawatosha watu 150 mwaka mbaya, 400 mwaka mwema. Namba moja tupu, iliyoandikwa kwa ujasiri ili mfadhili aridhike, ni aina ya uongo hata ikisadifu.

Hapa ndipo Oman inapotufaa, nchi ambayo Waswahili wengi wana damu na makaburi yao huko. Falaji za Oman, tano kati yake zikiwa urithi wa dunia tangu mwaka 2006, huyatoa maji chini ya mlima kwa mteremko wa mfereji peke yake. Hakuna kinachovuta. Mlima ukitoa kidogo, mfereji unatoa kidogo, na watu hugawana kidogo hicho kwa zamu zilizopimwa zamani kwa kivuli na nyota. Falaji haiwezi kuchukua kisichokuwepo. Unyenyekevu umejengwa ndani ya umbo lake. Pampu haina unyenyekevu huo. Pwani ya Batina, pampu zilipozidi mashambani, maji matamu yalivutwa mpaka bahari ikaingia chini ya mitende, na mashamba yakaharibika kwa chumvi. Waliovuta walikuwa wakulima wa kawaida wakilisha watoto wao, kila mmoja kwenye kisima chake halali. Fiqhi iliwahi kuliona jambo hili kwa kiwango kidogo ilipoweka harimu, eneo linalozunguka kisima ambamo mwingine hachimbi ili asikidhuru cha kwanza, juu ya msingi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Zamani harimu ilihesabiwa kwa dhiraa, maana kata na ngamia vilikuwa na nguvu ndogo. Kwa pampu ya leo harimu ya kweli ni kidakio kizima, na mipaka yake haionekani kwa macho. Mtu hawezi kuiheshimu asipoipima. Katazo la kumdhuru jirani limegeuka kuwa amri ya kutafiti, na ndani ya neno jirani wamo walio chini ya mto pamoja na watakaozaliwa.

Limebaki onyo moja, ambalo linatoka kwa watu walioumizwa. Maji yakishajulikana yalipo na wingi wake, mwenye nguvu hufika. Mwekezaji wa shamba kubwa anaweza kuisoma ripoti ileile, akaomba kibali kwenye ofisi ya maji ya bonde wakati kijiji hakijui hata kwamba ripoti ipo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia watumishi wa Isaka wakichimba kisima baada ya kisima katika bonde la Gerari, wakinyang'anywa kwa ugomvi, mpaka visima viwili, Eseki na Sitna, vikabeba majina ya ugomvi huo. Siwezi kuahidi kwamba elimu haitaibiwa. Lakini ujinga haujawahi kuwa ulinzi wa mnyonge. Mwenye pesa hupima kwa gharama yake na kunyamaza. Kilicho salama zaidi ni ripoti kuandikwa kwa Kiswahili, kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji mbele ya wanawake wanaochota na wafugaji wanaonywesha, nakala moja ikabaki kwa chombo cha watumia maji na nyingine ofisi ya kijiji, ili siku ya ubishi wanakijiji nao wawe na namba yao ya kuweka mezani. Mtafiti anayeondoka na karatasi zote kwenye gari lake amechukua amana pamoja na malipo.

Na mfadhili, ambaye nia yake sina shaka nayo, anaweza kuanza na kibao chake. Zege lile lina nafasi. Chini ya jina la marehemu kiandikwe kina ambacho maji yalisimama siku kisima kilipochimbwa, kwa mita, pamoja na tarehe. Na idadi ya watu ambayo kisima kilipimwa kuwatosha mwaka wa ukame. Kisha sehemu ya sadaka inunue kamba ya kupimia, daftari na kalamu, na posho ndogo ya mtunza pampu, ili mwezi unaofuata, kabla foleni ya alfajiri haijajipanga, maji yakiwa yametulia usiku kucha, kamba ishushwe tena na namba ya pili iandikwe.